Rangi Aliyochagua Mama Uzi

Mtaa mzima ulimwita Mama Uzi, na jina hilo hakulipata bure. Miaka yote aliyokaa nyuma ya cherehani, mteja alikuwa akisimama mlangoni na kitambaa mkononi, hata hajakikunjua, na yeye keshanyoosha mkono kwenye rafu na kuchomoa uzi unaofanana nacho. Mafundi wengine walitoka nje kwenda kulinganisha kwenye mwanga wa jua. Yeye la. Jicho lake lilikuwa halikosei, na tuseme ukweli, alijua kwamba halikosei na alipenda watu wengine pia wajue.

Kwa hiyo ulipofika wakati wa kuuza nyumba, hakuna aliyeuliza nani atachagua rangi. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mjane mmoja, ngazi zake zilikuwa kali, na kuta zake zilikuwa na rangi za kila namna: sebule ya kijani kibichi, ukumbi wa zambarau, chumba cha kulala cha waridi iliyokoza. Dalali aliyepewa kazi ya kuiuza, mwanamke wa manukato mengi na maneno laini, alizunguka humo ndani siku ya kwanza akashindwa kuficha alichokuwa nacho moyoni.

"Mama, nyumba yako nzuri sana," alisema, "ila inapiga kelele. Mtu akiingia asione nyumba ya watu, aione ya kwake. Tupake rangi moja tulivu kila mahali. Na nasikia hapa mwenye jicho ni wewe."

"Ndiye yeye!" mwanawe alidakia kwa fahari. "Mama ndiye atakayechagua."

Balaa ni kwamba Mama Uzi alikuwa haoni.

Si kwamba alikuwa anagonga kuta. Aliiona dunia kama mtu anavyoona nje kupitia dirisha la jikoni wakati sufuria inachemka. Watu aliwajua kwa mwendo na kwa sauti, sahani alizijua kwa mkono, ngazi alizihesabu kwa miguu. Rangi ndizo zilizotangulia kumkimbia. Bluu iligeuka nyeusi, manjano na nyeupe zikawa kitu kimoja, na nyeupe yenyewe ikawa kama chai ya maziwa. Cherehani alikuwa ameiacha kitambo, akasingizia mgongo. Mgongo wake, kwa taarifa yako, ulikuwa mzima kabisa.

Hakumwambia mtu, na alikuwa na sababu. Mwanawe alikwishapanga kila kitu: nyumba ikishauzwa, Mama atatafutiwa nyumba ndogo ya vyumba viwili, ya chini, isiyo na ngazi, karibu na soko, yake peke yake. "Maadamu una afya yako, Mama," alisema. "Na kama afya itasumbua, si tatizo, kwetu kuna kile chumba cha nyuma." Kijana wa watu alisema kwa mapenzi. Mama Uzi aliposikia chumba cha nyuma, alibadilisha mazungumzo.

Alikijua chumba cha nyuma. Mama yake mzazi alipofuka uzeeni akawekwa katika chumba cha namna hiyo. Hakuna aliyemnyima chakula wala kumtukana. Walimtoa juani wakamweka kivulini, wakamtoa kivulini wakamweka juani, na wakaulizana wenyewe kwa wenyewe, mbele yake, kama ameshakula na kama ana usingizi. Bibi yule alikuwa na akili timamu na ulimi mzuri, lakini hakuna aliyekumbuka kumuuliza kitu. Mama Uzi aliamini kwamba ugonjwa ule ndio uliomfuata na yeye, kwamba hauna dawa, na kwamba kwenda kwa daktari ni kwenda kuomba hukumu isomwe kwa sauti. Alichotaka ni mlango wake mwenyewe tu. Nyumba iuzwe upesi, ahamie kwake, akae huko kabla mtu hajamgundua.

Aliyemwogopa zaidi katika hilo hakuwa mwanawe. Mwanawe alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa. Aliyemwogopa ni mkamwana wake, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke asiye na breki mdomoni, aliyeongea na kila mtu kama anayemwambia akanawe mikono. Tangu aolewe hawakuwahi kugombana, lakini hawakuwahi kukaa wawili peke yao zaidi ya muda wa kunywa kikombe kimoja.

Asubuhi ya kuchagua rangi walikuwepo wote sebuleni. Fundi rangi alikwishakwangua ukuta wa chini ya dirisha, akaziba ufa mrefu uliokuwepo kwa lipu mpya, kisha pembeni yake akapaka mabaka ya majaribio, kila baka na jina lake.

"Hili wanaita maziwa," fundi alieleza. "Hili ganda la yai. Hili mchanga mkavu. Hili la mwisho, pamba."

Mama Uzi alisogea, mikono nyuma, kichwa ameinamisha upande kidogo, kama alivyosimama zamani mbele ya vitambaa. Mbele yake kulikuwa na ukungu. Akatumia ujanja wake wa siku zote.

"Hebu ninyi kwanza," alisema. "Mnaonaje?"

"Mimi napenda maziwa," alisema mwanawe.

"Mimi sisemi," alisema dalali. "Tukianza kusema sote, jicho la Mama litaharibika. Chagua mwenyewe, Mama."

Ujanja wa Mama Uzi ukagonga mwamba. Alikaza macho mpaka yakatoa machozi, na katikati ya ukungu ule akaona mahali pamoja palipofifia kuliko pengine, pakubwa, papana. Akapiga moyo konde, akanyoosha mkono, akaweka kiganja pale.

"Hii hapa," alisema.

Fundi alimtazama dalali, dalali akamtazama fundi. Alichokishika Mama Uzi hakikuwa maziwa, wala yai, wala mchanga, wala pamba. Ilikuwa lipu ya kuzibia ufa.

"Hii, Mama?" fundi aliuliza polepole.

"Hiyo hiyo. Kwani wewe huoni?"

Sasa hapo ndipo sifa inapomponza mtu. Laiti angekuwa mama mwingine yeyote, fundi angecheka na kusema, mama, hiyo si rangi. Lakini huyu alikuwa Mama Uzi. Fundi alijiambia kwamba bila shaka huyu bibi ameona kitu ambacho yeye, na miaka yake yote ya brashi, hajawahi kukiona. Dalali aliinamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. "Mm," alisema, "kijivu, lakini si kijivu hasa. Ina joto fulani." Mwanawe, ambaye hakuona joto lolote, akatikisa kichwa kwa heshima.

Mkamwana ndiye aliyekata maneno. "Mama kasema," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Fundi, bandua kipande ukatengenezewe rangi inayofanana. Tusipoteze muda."

Mama Uzi alishusha pumzi. Hata alimshukuru mkamwana wake kimoyomoyo kwa kutokuwa na subira.

Basi nyumba ikapakwa rangi ya lipu, juu na chini. Na kwa maajabu yasiyoelezeka, ikapendeza. Mwanga wa dirisha ulitulia ukutani, vyumba vikaonekana vikubwa, na hata ngazi zile kali zikawa kama zimelainika. Dalali alipiga picha kila kona. Majirani waliingia kuchungulia wakatoka wakisema Mama Uzi ni Mama Uzi. Fundi rangi alikwishaanza kuwauzia wateja wengine rangi ile ile, akisema ni siri ya bibi mmoja. Kila sifa ilimchoma Mama Uzi kama pini. Alitabasamu, akajikaza kisabuni, akahesabu siku.

Tatizo la kusifiwa ni kwamba hukuletea kazi nyingine. Dalali alitaka mito ya kwenye makochi, rangi moja tu iliyokolea, kama ya matofali, ili sebule isionekane imelala. Akaleta kitambaa. "Wewe mwenyewe fundi, Mama. Tutampa nani tena?"

Mama Uzi hakuweza kukataa bila mgongo kuitiwa daktari. Alijifungia chumbani na cherehani yake, akashona kwa vidole, kama alivyokuwa akishona gizani umeme ulipokatika. Mishono ilinyooka. Lakini kitambaa cha zamani, kilichobaki kutoka enzi za kazi, kilikuwa juu ya kitanda kimoja na kile cha dalali, kimekunjwa vile vile na uzito wake ule ule, na vidole, hata viwe hodari vipi, havijui rangi.

Siku ya wanunuzi, watu wote waliamka na wasiwasi. Walikuwa mke na mume, dalali alisema, watu makini, na walikuwa njiani. Mkamwana alifuta vumbi ambalo halikuwepo. Dalali alipanga mito kwenye kochi, akarudi nyuma kuitazama, akasogea kuunyoosha mmoja, ukamgeukia mkononi. Akaugeuza tena. Akauchukua wa pili.

"Mama," alisema, "huku matofali, na huku nyuma kijani?"

Kijani chenyewe kilikuwa kile cha sare za shule. Yote ilishonwa hivyo, mbele matofali, nyuma mwanafunzi.

"Ndiyo mtindo wa siku hizi," alisema Mama Uzi. "Mtu akichoka na upande mmoja, anageuza."

Niseme kwa heshima yote kwamba dalali alianza kuamini. Tayari alikuwa akiinamisha kichwa kushoto. Lakini mwanawe alikuwa amekumbuka mambo: chai iliyomwagwa pembeni ya kikombe wiki iliyopita, salamu aliyompungia Mama barabarani isiyorudishwa, mgongo usiomuuma mtu anapopanda ngazi. Alimsogelea mama yake.

"Mama, shati langu rangi gani?"

Mwanawe alivaa bluu maisha yake yote. "Bluu," alisema Mama Uzi haraka. "Unanipa mtihani?"

Shati lilikuwa la manjano, jipya, amelivaa kwa ajili ya wageni.

"Tangu lini, Mama?" mwanawe aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Lakini gari lilikuwa limesimama nje, milango ikafungwa, na wageni wakawa wanaingia. Dalali aligeuza mito yote upande wa matofali kwa kasi ya mtu anayeokoa nguo zisinyeshewe. Mama Uzi aliketi kwenye kiti cha pembeni. Akasikiliza nyayo ngeni zikizunguka nyumba yake, zikipanda, zikishuka, bomba likifunguliwa, dirisha likifungwa. Hatimaye yule mnunuzi mwanamke akasimama katikati ya sebule, akatazama kuta.

"Hii rangi imenituliza kabisa," alisema. "Nani aliichagua?"

Mama Uzi alihisi macho ya watu wake wote yamemgeukia, na ghafla akachoka. Alichoka kukumbuka idadi ya ngazi, alichoka kusubiri wenzake waseme kwanza, alichoka na mgongo wake ule mzima. Jibu likamtoka kabla hajaliruhusu.

"Niliichagua mimi," alisema. "Na sioni. Sijui hata ni rangi gani."

Mgeni alidhani ni utani, akacheka sana. "Basi mimi nikitaka kuchagua nitafumba macho," alisema, wakaaga wakaondoka na dalali nyuma yao. Na Mama Uzi, aliyedhani kwamba siku atakayotamka neno hilo paa litaanguka, alisikia kifua kimepanuka. Aliweza kuvuta pumzi mpaka chini. Alikaa pale akishangaa wepesi wake mwenyewe.

Wepesi haukudumu. Mwanawe alikuwa amechuchumaa mbele yake, amemshika mikono yote miwili, analia.

"Ungetumbukia shimoni, Mama. Ungeungua jikoni. Hapana, habari ya kukaa peke yako imekwisha. Leo leo unahamia kwetu. Chumba cha nyuma tutakiweka vizuri, utakuwa unakaa tu, hutafanya chochote."

Utakuwa unakaa tu. Mama Uzi alikuwa amefika pale pale alipokuwa akipakimbia.

"Chumba cha nyuma hakipo," alisema mkamwana.

"Hakipo vipi?" mumewe aliuliza.

"Kimejaa. Nimeingiza madawati mabovu ya shule yanayosubiri fundi, masanduku ya vitabu, baiskeli zote mbili na ile friji isiyofanya kazi. Mlango wenyewe haufunguki. Nilipoingiza vitu vyako vya uvuvi usiku wa juzi ulidhani nafanya usafi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua siku moja utasema hayo uliyosema sasa hivi." Akavuta kiti, akaketi karibu na mama mkwe wake kuliko alivyowahi kuketi. "Mama, mimi nina darasa la watoto wadogo. Mtoto asiyeona ubao namjua siku ya kwanza. Hasemi haoni, anasubiri jirani yake ajibu, halafu anajibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku ile uliposhika lipu ya fundi ukasema hii hapa, nilitaka kulia."

"Lipu?" alisema Mama Uzi.

"Lipu, Mama. Tumepaka nyumba nzima rangi ya lipu."

Kitu kikaanza kumtekenya Mama Uzi tumboni, kikapanda, na akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na mkamwana naye akacheka, na mwanawe akabaki katikati na machozi yake hajui ayapeleke wapi.

"Na wewe ukasema Mama kasema!"

"Ningesema nini? Niseme Mama haoni mbele ya dalali? Nani angekusikiliza tena?" Mkamwana alijifuta macho, kisha sauti yake ya darasani ikarudi, ikimwelekea mumewe. "Mama anakwenda kwake. Akiona, asipoona, anakwenda kwake. Tutamwekea kamba, kengele, chochote anachotaka, na atakayeulizwa ni yeye. Lakini kesho kwanza tunakwenda kwa daktari wa macho, mimi na yeye. Wewe utabaki, utalia huko utusumbue."

Daktari alikuwa kijana wa maneno machache. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudi kukaa. Mama Uzi alimshika mkamwana wake mkono kwa nguvu, tayari kwa hukumu.

"Mtoto wa jicho," alisema daktari. "Macho yote mawili, na amekomaa. Tunamtoa. Ni upasuaji mdogo, utarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

"Halafu?"

"Halafu utaona, mama."

Alimwomba arudie. Daktari akarudia. Kisha Mama Uzi akauliza kitu ambacho hata yeye hakukitarajia. "Mama yangu naye alipofuka. Je, na wake angetolewa?"

"Siwezi kujua bila kumpima," alisema daktari kwa upole. "Huenda. Kuna yanayotibika na kuna yasiyotibika."

Huenda. Neno hilo lilimuuma, na litaendelea kumuuma. Njia nzima ya kurudi alimlilia mama yake, kilio cha wazi, na mkamwana hakumwambia anyamaze. Lakini ndani ya kilio kile kile mlikuwa na nafuu kubwa, nafuu ya mtu aliyebeba gunia miaka na miaka akaambiwa, shusha, kumbe halikuwa lako.

Nyumba ilinunuliwa na mwanamke yule aliyependa lipu. Alitaka na mito pia, na alipogundua kijani nyuma yake alifurahi zaidi. Mama Uzi alifunguliwa bandeji ya jicho la kwanza, akamtazama mkamwana wake aliyekuwa ameinama mbele yake.

"Kumbe una mvi, mwanangu!"

"Umenipa wewe hizo, Mama."

Alihamia kwenye vyumba vyake viwili. Kuta alizipaka mwenyewe, kwa kuchagua mwenyewe, rangi zinazopiga kelele, na hakuna aliyethubutu kumshauri. Mwanawe alisisitiza kwamba ufunguo wa akiba ukae kwao, kwa usalama, na Mama Uzi alikubali huku moyo ukimsinyaa kidogo. Alimjua mkamwana wake. Alingoja siku atakayomkuta ghafla amesimama jikoni kwake, akifungua masufuria na kukagua.

Asubuhi moja, akiwa ameketi ndani anatunga uzi kwenye sindano kwa raha ya kutunga tu, alisikia hatua zilizozoeleka zikija mpaka mlangoni. Kupitia dirishani alimwona vizuri: mkamwana, na kikapu, na ule ufunguo ukining'inia kwenye kidole chake. Mwanamke yule hakuugusa mlango. Alisimama juani, akasawazisha sauti yake, akaishusha chini kabisa.

"Hodi, Mama."

Mama Uzi hakujibu upesi. Alimaliza kwanza kuutunga uzi, akaufunga fundo, akauweka mezani. Na huko nje yule mwalimu asiye na subira, na ufunguo kidoleni, akaendelea kusubiri.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Uzi, akainuka kwenda kufungua.